Safari ya Märsta: Gari na Njia Yake



Mwenye kupanda treni ya abiria katikati ya Stockholm akaelekea kaskazini, akastahimili kukaa kitini mpaka mwisho wa njia, huteremka Märsta. Wengi wetu tumeupita mji huu bila kuujua. Uwanja wa ndege wa Arlanda u jirani yake, na walioingia nchi hii kwa mlango huo waliziona taa zake kwa mbali, wakiwa na mizigo mikononi na watoto wenye usingizi mabegani, kisha wakachukuliwa kwingine. Mimi nami nilikuwa miongoni mwao. Ilinichukua miaka mingi kurudi Märsta kwa nia ya kuiona Märsta yenyewe, na hata hivyo nisingalikwenda majira ya baridi yaliyopita lau dada yangu asingalinipigia simu akiniomba nikaamue ugomvi wa gari.

Mji wenyewe ni mtulivu. Kutoka stesheni mtu hupita madukani, kisha akapanda taratibu kuelekea mtaa wa Valsta, wenye nyumba za ghorofa ambazo ndani ya ngazi zake husikika lugha za mabara yote. Uko mto mdogo uitwao Märstaån, unaokwenda kumwaga maji yake katika ziwa la Mälaren, karibu na kasri kongwe la Steninge. Ukienda magharibi kilomita chache wafika Sigtuna, mji ulioanzishwa karibu na mwaka 980, ambako mawe yaliyochongwa maandishi ya kale yangali yamesimama kando ya njia. Kote kuzunguka ni mashamba na misitu ya misonobari. Juu ya hayo yote ndege hupita, zikishuka na kupaa, na wenyeji hawainui tena vichwa.

Gari nililoitiwa nililikuta limeegeshwa chini ya nyumba, theluji imelifunika hadi dirishani. Lilikuwa Toyota Land Cruiser la aina ile ya 80, iliyoundwa katika miaka ya 1990, ambalo mpwa wangu alilinunua mkononi mwa mtu. Kijana huyu hupakia mizigo ya abiria uwanjani kwa zamu za usiku, na kwa miezi 18 alikuwa akiweka akiba. Alinipokea kwa adabu, “Shikamoo, mjomba,” na kabla sijamaliza kuitikia alikwisha kunionyesha karatasi ya fundi. Alitaka gari liinuliwe sentimita 10 kwa springi mpya ndefu, na yale matairi yake ya 275/70R16 yatolewe, yawekwe ya 315/75R16, yenye meno makubwa ya kutafuna tope.

“Ili lipite popote, mjomba,” alisema.

Dada yangu hakuyapenda hata kidogo. Wiki mbili kabla, katika kona ya barabara ya Sigtuna, gari lilikuwa limeyumba juu ya barafu hata watoto wakapiga kelele, na yeye tangu siku hiyo hakutaka kusikia habari ya kulirefusha zaidi. Naye mama yetu, bibi wa watoto, ambaye magoti yake yamechoka, alikuwa ameketi dirishani akitusikiliza. Fedha iliyokuwa ikibishaniwa, nilikuja kuelewa baadaye, ndiyo hiyo hiyo aliyokuwa ameahidiwa kwa tiketi ya kwenda Lamu kuwaona ndugu zake waliosalia.

Nilimwambia mpwa wangu, “Kabla hatujapima gari, hebu tuipime njia. Gari hili litakwenda wapi?”

Alifikiri kwanza juu ya kulisafirisha nyumbani. Hilo halikutuchukua muda. Wasweden walihamia upande wa kulia wa barabara alfajiri ya tarehe 3 Septemba 1967, na usukani wa magari yao uko kushoto. Ilhali Kenya, Tanzania na Uganda huendesha upande wa kushoto, na gari la namna hii huko huwa ni taabu kwa mwenyewe na hatari kwa wenzake. Kwa ndugu zetu wa Bujumbura, Bukavu au Goma, wanaopita kulia, shauri lingekuwa jingine. Kwetu sisi, gari lilikuwa la kukaa hapa hapa.

Basi tukazihesabu safari zake: kwenda kazini Arlanda usiku, kuwapeleka watoto shule, sokoni, Uppsala msikitini siku ya Ijumaa, mwendo wa kama kilomita 30, na kuwapokea wageni. Zote ni za lami, na kwa miezi mingi ya mwaka ni lami yenye theluji au barafu.

“Na msituni?” aliuliza.

Hapa ndipo wengi wetu tunapodanganyika na uzuri wa nchi hii. Mila ya Sweden humpa kila mtu haki ya kutembea msituni, kuchuma matunda pori na uyoga, hata kulala usiku mmoja katika hema, maadamu haharibu kitu. Lakini haki hiyo ni ya miguu, si ya magurudumu. Tangu sheria ya mwaka 1975, kuendesha gari nje ya barabara kwa matembezi juu ya ardhi isiyo na theluji ni marufuku nchi nzima, na hata penye theluji ipo mipaka yake. Kwa hiyo kijana alikuwa tayari kutoa akiba ya miezi 18 ili gari lipate uwezo wa kuingia mahali ambapo sheria haimruhusu kuingia.

Hata hivyo sikutaka kumshinda kwa sheria peke yake, kwani hoja ya ufundi nayo ina haki ya kusikilizwa. Tuliketi mezani kwa kalamu na karatasi, chai ikaletwa, tukayasoma maandishi ya tairi. Katika 275/70R16, namba ya kwanza ni upana kwa milimita. Ya pili ni kimo cha ubavu wa tairi kwa asilimia ya upana huo. Ya mwisho ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Ukipiga hesabu, tairi la zamani lina kipenyo cha milimita 791, na lile alilolitamani lina milimita 879. Tofauti ni 88. Lakini ekseli imekaa katikati ya gurudumu, kwa hiyo yenyewe hupanda nusu tu ya hiyo, yaani milimita 44.

Na zile sentimita 10 za springi? Gari la aina hii lina ekseli nzima mbele na nyuma, na springi zimekaa juu ya ekseli. Ukizirefusha, kinachoinuka ni bodi. Ekseli na ile difu yake ya duara hubaki palepale zilipokuwa. Jiwe la njiani lililokuwa likigonga difu jana litaigonga na leo. Springi ndefu hutoa nafasi ya tairi kubwa kuzunguka bila kukwaruza madgadi, na huliwezesha gari kuingia na kutoka korongoni bila kugusa pua wala mkia. Ni faida za kweli kwa mwenye makorongo. Lakini kwa jumla bodi ingepanda zaidi ya sentimita 14, na sehemu iliyo chini kuliko zote ingepanda sentimita 4 na ushei tu.

Gharama yake iko wapi? Iko kwenye kona. Gari lenye upana wa mita 1.6 kutoka gurudumu hadi gurudumu, tukichukulia kwa mfano kwamba kitovu cha uzito wake kiko sentimita 75 juu ya ardhi, likipandishwa hadi kitovu kiwe sentimita 87, hupoteza karibu sehemu moja katika saba ya uwezo wake wa kupinda bila kupinduka. Tena tairi kubwa na zito huzipa breki kazi zaidi, huidhoofisha nguvu ya gia, na huifanya mita ya mwendo iseme uongo: mshale ukionyesha 100, gari laweza kuwa linakwenda 111. Springi za sentimita 10 hubadilisha pia pembe za usukani, hata gari likawa halirudi lenyewe katikati baada ya kona, na taa zikawapiga machoni wanaokuja mbele. Yote hayo yahitaji marekebisho yake, na kila rekebisho lina bei yake. Na mwisho wa yote wako wakaguzi wa magari. Badiliko kubwa namna hii laweza kuhitaji ukaguzi maalumu, na gari lisilokubaliwa laweza kuzuiwa barabarani.

Mama, aliyekuwa kimya muda wote, akauliza kutoka dirishani, “Na mimi nitalipanda kwa ngazi?” Watoto wakacheka. Mpwa wangu hakucheka. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kukumbuka kwamba bibi yake ni abiria wa gari lile.

Nikamsimulia habari ambayo vijana wetu wengi hawaijui, nayo inazifunga nchi hizi mbili kamba moja. Mwaka 1965 mbio za Safari za Afrika Mashariki zilishindwa na Joginder Singh wa Kenya pamoja na nduguye Jaswant. Gari lao lilikuwa Volvo PV544, gari dogo la kawaida lililoundwa hapa Sweden, linalosukumwa kwa magurudumu ya nyuma tu. Baadaye alikuja Björn Waldegård, Msweden wa mkoa huu huu wa Uppland, bingwa wa kwanza wa dunia wa mbio za magari za namna hiyo mwaka 1979. Alishinda Safari mara 4: miaka ya 1977, 1984, 1986 na 1990. Na mbio za theluji za kwao Sweden alizishinda mara 5. Kwenye theluji madereva hao hutumia matairi membamba yenye misumari, yanayokata theluji mpaka yashike kilicho chini yake. Kwenye Safari magari yaliimarishwa na kuinuliwa kwa ajili ya mawe na mashimo. Mtu alikuwa yule yule, na ufundi ule ule, lakini hakwenda kwenye barafu na matairi ya mashimoni.

Nami mwenyewe nilikumbuka njia ya kutoka Garsen kwenda Lamu kabla haijatiwa lami, wakati wa mvua za masika, udongo ukiwa mweusi na mzito. Magari niliyoyaona yakipita yalikuwa na matairi membamba ya 7.50R16, yaliyozama mpaka yakapata ardhi ngumu. Na dereva aliyefika penye mchanga alipunguza upepo, tairi likalala na kukanyaga eneo refu zaidi, kisha akaujaza tena alipotoka. Hakuna aliyeuliza gari la nani lilikuwa refu.

Ndugu msomaji, kama nawe una gari la namna hii, au mwanao anakuonyesha karatasi ya fundi, yafuate haya. Kwanza, andika safari zako za mwezi mzima, uone ngapi ni za mawe na ngapi za lami. Pili, tazama kama springi zako zimechoka; gari lililoinama aghalabu lataka kurudishwa kimo chake cha asili, si kuongezwa. Tatu, chagua ukubwa wa tairi ulioandikwa katika hati za gari, na ukitaka mwingine, uwaulize wakaguzi kabla ya kununua. Nne, tairi la majira ya baridi liwe na misumari, au alama ya mlima wenye vilele 3 na chembe ya theluji ndani yake. Tangu tarehe 1 Desemba 2024, herufi M+S peke yake hazitoshi hapa Sweden, na matairi mengi ya tope hayana zaidi ya herufi hizo. Sheria huyadai matairi ya baridi kuanzia 1 Desemba hadi 31 Machi panapokuwa na theluji, barafu au utelezi wa namna hiyo barabarani, na meno yake yasipungue milimita 3.

Tulipokwenda kwa fundi siku ya pili, tulikuta kweli springi za nyuma zimelala na shokamzoba mbili zimevuja mafuta. Hiyo ndiyo iliyokuwa sababu ya kuyumba kule kwenye barabara ya Sigtuna. Ziliwekwa mpya za kimo cha asili, pamoja na matairi 4 ya misumari ya ukubwa ule ule wa 275/70R16. Zaidi ya nusu ya akiba ilibaki.

Ijumaa ile theluji ilianguka tangu alfajiri. Tulikwenda Uppsala sote, mama akiwa ameketi mbele, amepanda kwa mguu wake mwenyewe na mkono wa mjukuu. Njiani kijana aliendesha kimya, na penye kona nilimwona akisikiliza gari. Tulipokuwa tukirudi, ndege ikapita juu ya mashamba ikielekea kusini, naye akamwambia bibi yake, bila ya kugeuza macho barabarani, kwamba tiketi angeikata wiki ijayo.

Wazee walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Kijana bado ana picha ya gari refu ukutani kwake, wala sikumwambia aitoe.