Nyumba ya nyasi, bei ya ghorofa

Haya jamani, nimeadimika, najua. Hii ni wiki ya tano ya mazoezi ya kufundisha, na yeyote anayesema ualimu ni kazi nyepesi mleteni huku akae na watoto wa miaka sita siku ya mvua.

Nimepangiwa shule ya kijijini, nje kidogo ya Reading, upande wa kwenda London. Niliposikia kijijini nikajua nakwenda kuishi na wakulima. Wapi! Mashamba yapo, farasi wapo, kanisa la mawe lipo, ila mkulima nimemwona mmoja tu, tena kwa mbali, juu ya trekta. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi stesheni imejaa watu wa suti wanaowahi treni ya London. Wanarudi usiku kulala. Mchana kijiji kimya, utadhani kuna msiba.

Sasa kasheshe iko kwenye dirisha la dalali. Nyumba ya vyumba viwili, imeezekwa kwa nyasi, pauni 475,000. Nikampigia mama simu nikamsomea. Akanyamaza, halafu akasema, "Ya nyasi? Mwanangu, hao wamekuona mgeni." Nikamweleza kwamba huku nyasi ni heshima, na hata bima yake iko juu kwa sababu ya moto. Mpaka leo hajaamini, teh teh.

Nilipomaliza kucheka nikapiga hesabu, kicheko kikaisha. Tangu Septemba 2025 mwalimu anayeanza kazi, nje ya London na maeneo yanayoizunguka, analipwa pauni 32,916 kwa mwaka. Benki kwa kawaida inakopesha kama mara nne na nusu ya mshahara, yaani kama pauni 148,000. Zilizobaki unazitoa wapi? Takwimu za serikali zinaonyesha kwamba mwaka 1997 nyumba ya kawaida England iliuzwa kama mara tatu na nusu ya mshahara wa mwaka. Mwaka 2024 ikawa mara 7.7. Na hiyo ni England nzima, hapo hujagusa vijiji vya karibu na reli.

Nyumba za halmashauri zilikuwepo hapa. Sheria ya 1980 iliwaruhusu wapangaji kuzinunua kwa punguzo, wengi wakanunua, baadaye wakauza kwa bei ya soko. Na ardhi ya kuzunguka London imewekewa ukanda wa kijani usiojengwa ovyo. Mandhari safi kweli, ila nyumba haziongezeki na wanaozitaka wanaongezeka.

Dada anayenisaidia darasani kazaliwa hapa hapa. Kasoma shule hii hii. Sasa anapanga mjini na kila asubuhi anaendesha gari kuja kufundisha watoto wa watu katika kijiji ambacho yeye mwenyewe hawezi kuishi. Mama yake amebaki huku peke yake. Watoto nao wamepungua, madarasa mawili tunayafundisha chumba kimoja.

Basi bwana, juzi usiku bibi mwenye nyumba ninayolala akaniletea karatasi na kalamu. Kuna mpango wa kujenga nyumba 30 nyuma ya kanisa, wanakijiji wanakusanya saini kuupinga. "Weka saini, mwanangu, wewe nawe ni wa hapa sasa."

Jamani, huyu bibi ananipikia. Siku nilipougua alinikorogea supu. Na hoja zake si za kipuuzi: barabara nyembamba, zahanati imejaa, basi moja la kubahatisha. Nikashika kalamu. Nikamfikiria yule dada. Nikamuuliza, "Bibi, mwanao anaishi wapi?" Akasema mbali, saa tatu kwa gari, huku bei ilimshinda. Tukatazamana.

Sikusaini. Nikamrudishia karatasi kwa mikono miwili, kama nilivyolelewa, nikamwomba radhi. Hakusema kitu. Asubuhi chai nilipewa, lakini biskuti sikuziona!

Jana akaniuliza, huku akiosha vyombo, kama kati ya hizo 30 kuna zitakazokuwa ndogo. Nikasema sijui, tukaulize kwenye mkutano wa baraza la kijiji. Akasema tutakwenda pamoja Alhamisi. Karatasi bado iko mezani, na jina lake ni la kwanza.

Leo yule dada kaniambia amepata kazi karibu na anakopanga, anaondoka likizo ya Pasaka. Mwalimu mkuu kaniuliza kama nikimaliza chuo nitapenda kuomba kazi hapa. Nimetabasamu tu. Kufundisha napenda, watoto nawapenda. Kulala nitalala wapi?

Ninyi mngesaini? Semeni ukweli. Mimi narudi kwenye andalio la somo, kesho tunajifunza "Kijiji chetu".