Kila boti ikitia nanga

Najua nimepotea kwa muda, na wengi mmekuwa mkiniuliza swali moja tu: mtoto ameshakuja? Jibu ni bado. Leo niwasimulie maisha yalivyo hapa Mbamba Bay kwa Mkenya anayesubiri kumwasili mtoto wa Kitanzania.

Kwa wasiopajua, hapa ndipo makao makuu ya Wilaya ya Nyasa, iliyomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012. Ziwa liko magharibi yetu na ng'ambo ni Malawi, ndiko jua linakozama. Tuliletwa na kazi ya mume wangu. Asubuhi naamshwa na sauti za akina mama wanaoanika dagaa mchangani, mchana naandika makala zangu kama umeme upo, jioni nasonga ugali wa muhogo. Mwanzoni ulinishinda kabisa. Siku hizi bibi jirani huuonja na kusema, "Leo afadhali."

Kiswahili changu nacho kiliwachekesha sana. Wiki ya kwanza nilimwambia huyo bibi kwamba nimemkumbuka nyanya yangu, akaniletea nyanya tano kwenye sahani!

Watu hudhani kwa kuwa Wakenya na Watanzania ni ndugu, mambo ni rahisi. Kwenye salamu, sawa. Kwenye Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 mimi ni mgeni tu kama Mjerumani. Mgeni anatakiwa awe ameishi Tanzania miaka mitatu mfululizo, asiwe na rekodi ya uhalifu, amlee mtoto angalau miezi mitatu chini ya uangalizi wa afisa ustawi wa jamii, ndipo Mahakama Kuu iamue. Na lazima ionekane kwamba mtoto huyo hawezi kupata malezi ya kufaa hapa nchini.

Miaka mitatu tumeshatimiza. Tumekwama kwenye hilo sharti la mwisho.

Binti ana miezi kumi na moja na yuko kituo cha kulelea watoto. Kila baada ya wiki mbili tunakwenda kumwona: kilomita 67 hadi Mbinga, kona juu ya kona kwenye milima ya Umatengo, halafu tunaunganisha gari kwenda Songea. Mara ya mwisho alilala begani kwangu akaniachia udenda kwenye blauzi. Blauzi hiyo sijaifua mpaka leo.

Mama yake alifariki baada ya kujifungua. Wiki tatu zilizopita afisa alitueleza kwamba marehemu ana mdogo wake aliyeolewa ng'ambo, upande wa Nkhata Bay. Anatafutwa. Akipatikana na akitaka kumlea mtoto, yeye ndiye wa kwanza.

Tangu siku hiyo, kila boti ikitia nanga nasimama pale ufukweni nawatazama wanawake wanaoshuka. Naona aibu kuandika hili, lakini sijawahi kuwaficha kitu: nimekuwa nikiomba asipatikane.

Novemba 2014 serikali ya Kenya ilisimamisha wageni kuasili watoto wetu. Nilikuwa mwanafunzi wa uandishi wa habari Nairobi, nikaandika kazi ya darasani kuunga mkono kwa nguvu zote. Watoto hawa wana ndugu, nilisema, watafutwe kwanza. Nilipata alama nzuri. Sikumfikiria hata dakika moja mgeni aliyekuwa amekaa mahali akisubiri, nguo ndogo ndogo zimekunjwa ndani ya begi. Leo begi hilo liko chini ya kitanda changu.

Juzi nikamweleza bibi jirani. Yeye amelea wajukuu wanne wa marehemu dada yake, hakuna mahakama wala karatasi. Nilitegemea anionee huruma. Alinyamaza, akaendelea kuchambua dagaa, kisha akasema: "Mwanangu, huyo wa ng'ambo huenda hajui hata kama dada yake amekufa."

Sikulala usiku ule. Neno lenyewe ni kuasili, na ndani yake kuna asili. Huyu mtoto anayo ya kwake tayari. Siku moja ataniuliza, "Mama, ndugu zangu walitafutwa?" Nitamjibu nini? Kwamba nilisimama ufukweni nikiomba boti zije tupu?

Kwa hiyo jana nilikwenda ofisini kwa afisa nikampa namba ya mwandishi mwenzangu aliyeko Mzuzu, mji ulio karibu na Nkhata Bay, ambaye anawajua watu wengi kule. Nikamwambia kama itasaidia kumtafuta, aitumie. Afisa aliniangalia kwa muda, kisha akaiandika kwenye faili.

Mume wangu aliniuliza, "Una uhakika?" Nikamwambia sina.

Nikipata habari nitawajulisha, yoyote ile itakayokuwa. Tuombeane.