Wifi, Toka Nje na Watoto

Kwetu Makete baridi ina mwezi wake. Ikifika Juni, sakitu huanguka alfajiri na mashamba ya viazi huwa meupe, wala hakuna anayeshangaa, maana kila nyumba imejiandaa. Kuna moto wa kuni usiozimika, kuna kuta nene za tofali, kuna bibi anayelala na wajukuu wanne kitanda kimoja. Nilipohamia Arlington, kati ya Dallas na Fort Worth, nilijua nimeachana na baridi. Texas niliyosimuliwa ilikuwa ya jua.

Natoa ushuhuda huu wa Februari 2021 kwa sababu Mungu alitutendea jambo kubwa, na alilitenda kwa kutumia neno nililofundishwa na bibi yangu nikiwa bado sijui kusoma.

Alhamisi ya tarehe 11, mvua ya barafu iliifanya barabara kuu ya I-35W pale Fort Worth iteleze kama kioo. Magari zaidi ya 130 yaligongana asubuhi hiyo na watu sita wakafa. Mume wangu hupita njia hiyo kwenda kazini. Siku ile zamu yake ilikuwa ya jioni. Nikashukuru, nikadhani baya limepita. Jumapili theluji ikaanguka, watoto wakatoka kuichezea wakiwa wamevaa soksi mikononi kwa kukosa glavu. Tulipiga picha tukazituma nyumbani.

Umeme ulikatika usiku wa kuamkia Jumatatu, baada ya saa saba. Tukasikia ni mgawo, tena wa muda mfupi. Mgawo naujua, nimeishi Dar es Salaam miaka sita. Lakini mgawo wa Dar hukunyima feni na kuyeyusha samaki kwenye friji. Nyumba yetu ya hapa ilitegemea umeme kwa kila kitu: joto, mapishi, maji ya moto. Kuta ni mbao na ubao wa jasi. Kufikia saa nne asubuhi mafuta ya kupikia yalikuwa yameanza kuganda kwenye chupa, na mtoto wetu mdogo alikuwa akilia bila kutoa machozi.

Baadaye ndipo tulipoelewa yaliyotokea. Sehemu kubwa ya Texas ina gridi yake yenyewe, iliyojitenga na majimbo jirani, kwa hiyo ilipopungukiwa haikuweza kuazima umeme wa kutosha. Visima na mabomba ya gesi viliganda, mitambo ikazimika mmoja baada ya mwingine, na nyumba na biashara zaidi ya milioni 4.5 zikabaki gizani. Gridi nzima ilibakiza dakika 4 na sekunde 37 ianguke kabisa, na kama ingeanguka, kuiwasha tena kungechukua wiki nyingi. Sisi usiku huo tulikuwa tumelala.

Tulihamia chumba kidogo kuliko vyote. Magodoro tuliyatandika chini, madirisha tukayaziba kwa khanga na vitenge, hata kile cha sendofu yangu nilikipigilia misumari. Mume wangu alikwenda kumchukua mama mzee wa nyumba ya pili, Mmeksiko anayeishi peke yake, ambaye kwa miaka mitatu tulikuwa tukipungiana mikono tu. Yeye hana Kiswahili, sisi hatuna Kihispania. Aliingia na blanketi lake, akalala katikati ya watoto, akawakumbatia. Nilipomwona vile nililia, kwa sababu ndivyo bibi yangu alivyolala nasi.

Mchana huo mume wangu alitaka kuingiza ndani jiko la mkaa tunalochomea nyama. Nilikataa. Yeye ni mtu wa Tanga, baridi hawaijui kule. Alisema, "Mama watoto, wanakufa kwa baridi hawa!" Nikamwambia habari ya maharusi wa kijijini kwetu, walioingia na jiko chumbani usiku wa Julai na asubuhi mlango ukavunjwa. Bibi alitushika mikono, akatupeleka tulione lile jiko, akasema, jiko la mkaa halilali na watu. Hewa yake ya sumu haina rangi wala harufu. Inateka nafasi ya oksijeni kwenye damu, na mtu hudhani ni usingizi tu. Mume wangu alinyamaza, kisha akalipeleka jiko uani, akapika uji kwenye theluji na shuka mabegani.

Saa nne usiku nilimpigia simu wifi yangu, Houston. Anakaa Alief. Mumewe ni muuguzi, barabara zilikuwa zimemfungia hospitalini tangu Jumapili, naye alikuwa peke yake na watoto wawili. Alinijibu taratibu, kama mtu anayetafuta maneno. Watoto wamelala mapema, mkubwa alilalamika kichwa halafu akatapika. Yeye mwenyewe miguu mizito.

"Wifi, mmewasha nini humo ndani?"

"Jiko dogo tu la nyama. Dirisha nimeliacha wazi kidogo."

"Toka nje na watoto. Sasa hivi."

"Wifi, nje kuna barafu."

"Toka nje!"

Nilipiga kelele hadi wanangu wakaamka. Nilisikia kitu kikianguka, kisha simu ikakatika.

Kutoka kwetu hadi Houston ni karibu kilomita 400, na barabara yote ilikuwa barafu. Nilipiga 911 ya huku, nikahangaika kuunganishwa na ya huko. Mume wangu alikaa garini, barabarani, mbali na nyumba, akichaji simu. Mama mzee alitoa rozari. Mimi ni Mlutheri, sijui kuisali, lakini nilishika ncha moja naye akashika nyingine. Sikuomba kwa maneno. Nilikuwa nikitaja majina ya wale watoto, basi.

Saa sita kasoro ukaingia ujumbe kutoka namba nisiyoijua, ya jirani yake: "Tuko hospitali. Wote wanapumua."

Siku zile hospitali za Houston zilipokea mamia ya watu waliovuta hewa hiyo, wengine baada ya kuwasha gari ndani ya gereji ili wapate joto. Wapo ambao hawakurudi. Nimewahi kumuuliza Mungu kwa nini simu ya wifi yangu ilikuwa na chaji na ya mwingine haikuwa nayo. Sijapata jibu, nami naendelea kuuliza.

Asubuhi ya Jumanne uwanja wa ndege wa DFW ulipima nyuzi 19 chini ya sifuri. Umeme wetu ulirudi Jumatano usiku. Bomba la jikoni lilikuwa limepasuka, tukawa tunayeyusha theluji ya kumwagia chooni. Houston walichemsha maji ya kunywa hadi Jumapili ya tarehe 21. Serikali ya jimbo baadaye ilihesabu vifo 246.

Mwezi Machi tulikwenda kuwaona. Dari ya sebule ilikuwa imeporomoka kwa maji. Wifi alinikumbatia mlangoni na hatukusema kitu. Mwanawe mkubwa alinivuta mkono, akanipeleka uani, mpaka mwisho wa ua penye uzio, akanionyesha jiko lilipo.