Arua Hadi Koboko: Mtaa Hujengwa Kuanzia Mtaroni

Askari yeyote aliyewahi kulala porini wakati wa masika analijua somo hili: kabla ya kutandika kitanda, chimba mfereji kuzunguka hema. Aliyepuuza huamka usiku wa manane maji yakiwa yamemfika mgongoni. Somo hilo la kambini ndilo linalohitajika leo katika mitaa ya Arua na Koboko.

Arua iko kaskazini magharibi ya Uganda, jirani na mpaka wa Kongo, katika nyanda za juu zipatazo mita 1,200. Kituo cha serikali kilianzishwa hapo mwaka 1914, chini ya Bwana A. E. Weatherhead, Mkuu wa Wilaya wa kwanza, ambaye jina lake lingali katika barabara moja ya mji huo. Baada ya vita vya 1979, na mapigano yaliyofuata mwaka 1980, wakazi wengi walikimbilia Sudan na Zaire, ambayo leo ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Walianza kurejea kwa wingi katikati ya miaka hiyo ya themanini. Mtu atokaye ukimbizini hutafuta paa kwanza; njia ya maji huikumbuka baadaye. Ndivyo miji mingi iliyoonja vita inavyokua, nyumba ikitangulia na mtaro ukifuata. Hata hivyo mji ulisimama tena, na tarehe 1 Julai 2020 Arua ikapewa hadhi ya Jiji.

Mgeni ashukaye kutoka upande wa kilimani kuelekea mitaa ya Oli, ambayo inaitwa kwa jina la mto wake, huona kwa macho yake jinsi ardhi inavyoinama. Mvua za huku huanza takriban mwezi Aprili na kuendelea hadi Novemba, nazo huzidi nguvu kati ya Agosti na Oktoba. Maji yote yaangukayo juu lazima yapite chini, yakiwa na njia au yasiwe nayo.

Yafaa msomaji afanye hesabu kidogo. Mvua ya milimita 1 ikinyesha juu ya eneo la mita 1 ya mraba hutoa lita 1 ya maji. Basi paa la bati lenye mita 40 za mraba, likinyeshewa milimita 30 katika alasiri moja, humwaga lita 1,200, yaani mapipa sita makubwa. Nyumba mia moja za namna hiyo humwaga mapipa mia sita. Zamani, palipokuwa na nyasi na mashamba, ardhi ilinywa sehemu kubwa ya maji hayo. Leo bati, saruji na udongo ulioshindiliwa na miguu haviwezi kuyanywa.

Kuanzia mwaka 2013, Arua ilikuwa mojawapo ya miji 14 iliyoingizwa katika mpango wa USMID, uliogharimiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 150. Barabara kadhaa za mji zilipata lami, mitaro, njia za waendao kwa miguu na taa. Hiyo ni kazi ya kusifiwa. Lakini lami haiui maji, huyaharakisha. Mtaro wa barabara kubwa ukiishia njiani, bila kufikishwa kwenye mto, hugeuka kuwa mzinga uliolengwa nyumba ya mtu wa bondeni.

Kutoka Arua, msafiri hupita Maracha na kufika Koboko baada ya kilomita zipatazo 55, akifuata barabara kuu itokayo Vurra, mpakani mwa Kongo, hadi Oraba, mpakani mwa Sudan Kusini. Barabara hiyo ya kilomita 92 ilitiwa lami katika miaka ya 2010, na safari iliyokuwa ya vumbi na tope sasa ni nyepesi. Koboko, ambayo ilipata wilaya yake mwaka 2005, ni mji wa mipaka mitatu, na Kiswahili husikika sokoni kama nyumbani kwake. Biashara na wakimbizi waliokimbia vita vya jirani vimeukuza haraka.

Barabara kuu iliyoinuliwa hufanya kazi kama boma: maji hayawezi kuivuka ila kwenye makalavati. Hapo hutoka yamekusanyika, yakiwa na nguvu, na vijia vya udongo vya makazi haviwezi kuyahimili. Mtaa usio na lami unaweza kudumu ukipewa mgongo katikati, mtaro kila upande, na vizuizi vya mawe mahali penye mteremko mkali ili maji yasichimbe korongo.

Ugumu hauko kwenye saruji peke yake. Mtaro hauwezi kupita hewani. Hapana budi upite katika ardhi ya mtu. Katika West Nile, ambako ardhi nyingi ni ya ukoo, mita moja ya ua ni jambo zito. Wakuu wa miji wanapaswa kukaa na wenye viwanja, waeleze maji yatakakoishia, na wasimpokonye mtu haki yake. Naye mwenye kiwanja akumbuke kwamba akiziba njia ya maji, choo cha jirani hufurika, na kinyesi kilichofurika hakichagui mtoto wa nani atakayeugua.

Akina mama na akina baba wa nyumbani nao wana zamu yao. Mtaro uliojaa mifuko ya plastiki ni dimbwi refu tu. Yai la mbu huweza kuwa mbu arukaye katika wiki moja hadi mbili. Basi kuuzibua mtaro kila Jumamosi ni kinga ya familia. Tena maji ya mabomba ya Arua huvutwa kutoka Mto Enyau: tusitupe mtaroni tusichotaka kukutana nacho mtoni.

Hema lina mwenyewe mmoja, naye huchimba mfereji wake peke yake. Mtaa una wenyewe wengi. Aliye juu aanze kuchimba, aliye chini apokee, na wote waufikishe mfereji huo mtoni kabla mawingu ya Agosti hayajakusanyika.