Mnazi Usiopandwa

Kila mtu analo kosa moja ambalo angependa wengine wajifunze kwalo, wasije wakalirudia. Langu ni hili ninalowasimulia leo.

Mwaka 2016 nilikuwa mwalimu kijana huku Kwale, miaka mitatu tangu kutoka chuo cha ualimu. Kila siku niliona malori makubwa yakielekea Likoni, yamebeba madini ya titani yaliyochimbwa katika mchanga wetu. Niliyatazama nikajiambia kuwa mwenye hisa katika kampuni ya madini hana budi kutajirika. Fikira hiyo ilinifumba macho.

Siku moja mwalimu mwenzangu alinieleza habari za kampuni ndogo ya ng'ambo iliyokuwa ikitafuta dhahabu. Hisa zake zilikuwa rahisi mno. Nami nilikuwa na akiba ya shilingi 60,000, karo ya mdogo wangu wa kike aliyekuwa akingoja kuingia chuo. Nilipiga hesabu yangu: nikinunua hisa, gawio litalipa karo kila mwaka, na akiba yenyewe itabaki nzima. Nikanunua bila ya kumshauri mtu.

Jioni nilimweleza baba, ambaye ni mkulima wa minazi. Hakunikemea. Aliniuliza, "Mwanangu, umenunua mnazi, au umemlipia nauli mtu aendaye kutafuta mbegu ya mnazi?"

"Baba," nilimjibu, "mvumilivu hula mbivu."

"Ni kweli," akasema, "lakini sharti mti uwepo."

Nilinyamaza kwa heshima, lakini moyoni nilidhani mzee hajui mambo ya kisasa. Kumbe asiyejua nilikuwa mimi.

Gawio ni nini? Ni sehemu ya faida ambayo kampuni huwagawia wenye hisa. Pasipo faida hapana gawio. Sheria ya Makampuni ya Kenya ya mwaka 2015 yenyewe hairuhusu kampuni kuwagawia wenye hisa ila kutoka katika faida. Sasa, kampuni inayotafuta madini huuza nini? Haiuzi kitu. Kazi yake ni kutoboa ardhi, kupeleka vipande vya miamba vikapimwe, na kutoboa tena. Yote hayo ni gharama. Fedha zikiisha, aghalabu huuza hisa mpya. Ikiwa kampuni ina hisa 100 nawe unazo 10, sehemu yako ni moja katika kumi. Ikiuza hisa nyingine 100, nawe hukuongeza, sehemu yako ni moja katika ishirini, ingawa hakuna aliyekuibia.

Ndivyo yaliyonipata. Nilingoja gawio, likaja tangazo la hisa mpya. Nilingoja tena, likaja la pili, na bei ikaporomoka. Mwaka 2017 niliuza hisa zangu zote kwa shilingi 14,000. Mdogo wangu alikaa nyumbani mwaka mzima akiuza mahamri kando ya barabara. Hakunilaumu hata kwa neno moja, na kimya chake kiliniuma kuliko lawama.

Hapo ndipo niliposoma taarifa ya kampuni, ambayo ilipasa niisome kwanza. Ilieleza waziwazi kuwa kampuni haina mapato, wala haikusudii kutoa gawio kwa wakati ulio karibu. Sikudanganywa na mtu. Nilijidanganya.

Nikarudi kuyachunguza yale malori yaliyonitia tamaa. Kampuni ya Tiomin ya Kanada ilitafuta madini Kwale kwa miaka mingi, lakini haikufikia kuchimba. Mwaka 2010 mradi ukanunuliwa na Base Resources ya Australia, ambayo ilikopa fedha nyingi, ikajenga mgodi, na kusafirisha shehena ya kwanza mwaka 2014. Je, wenye hisa walipata gawio mwaka huo? La. Mapato yalikuwa na wenyewe: madeni yalilipwa kwanza. Gawio la kwanza lilitangazwa mwaka 2020, miaka kumi baada ya kununua mradi. Na mwishoni mwa 2024 uchimbaji wa Kwale ulikoma, kwa kuwa madini yenye faida yalikuwa yamekwisha. Basi hata hapo mti ulipokuwapo na kuzaa, matunda yalichelewa, na msimu wake haukuwa mrefu.

Sisemi kwamba kutafuta madini ni ulaghai. Pasingekuwa na watafutaji, pasingekuwa na migodi. Mwenye fedha ambazo akizipoteza hakuna atakayelala njaa anaweza kuwa mshirika wao, akitumaini kwamba madini yakionekana bei ya hisa itapanda. Lakini tumaini hilo silo gawio, wala haifai kulipangia karo ya mtoto.

Ninyi wanafunzi mtakapoajiriwa, mtaletewa habari nyingi za mali. Atakapokuja mtu kukuahidi gawio, muulize: faida inatoka wapi? Nani hulipwa kabla yangu? Akishindwa kujibu, fedha zako zikae ulipoziweka.

Mdogo wangu aliingia chuo mwaka uliofuata, kwa fedha za nazi za baba.