Samaki wa Domo Refu

Sisi walimu tumezoea kuulizwa, na mtu aliyezoea kuulizwa huona haya kusema, "Sijui." Kwa haya hiyo nilimtia shemeji yangu hasara, nami nataka kuwasimulia, ili mwingine asifanye kama mimi.

Shemeji yangu ni mvuvi wa pwani ya Kenya. Havui samaki wa kuliwa, bali wale wenye rangi nzuri wakaao miambani, ambao hununuliwa na kupelekwa Ulaya na Marekani, watu wakawaweka nyumbani katika masanduku ya kioo yenye maji ya chumvi. Siku moja mnunuzi alimwagiza jozi ya samaki wa domo refu, dume na jike. Samaki huyu ni wa jamaa moja na pono. Domo lake limechongoka kama mdomo wa ndege, naye huliingiza katika matumbawe kutafuta kaa wadogo. Wataalamu humwita Gomphosus caeruleus, jina alilopewa na Lacepède, Mfaransa, mwaka 1801.

Shemeji alikuwa nao watatu: wawili wa buluu iliyokolea, na mmoja wa kahawia mgongoni, mweupe tumboni. Akaniuliza, "Mwalimu, wewe umesoma. Jozi ni yupi na yupi?" Nami sikujua. Nikasema moyoni, wenye rangi moja ndio wa kabila moja. Basi nikamwambia awaweke pamoja wale wa buluu. Mkubwa ndiye dume, mdogo ndiye jike.

Mpwa wangu, mtoto wa miaka 12, alikuwa amesimama mlangoni. Akasema, "Mjomba, hao ni madume wote wawili. Jike ni huyo wa kahawia. Tena dume akipotea, jike hugeuka dume." Nikamkaripia mbele ya baba yake, nikasema huo ni upuzi. Mtoto akainama, asiongeze neno.

Asubuhi tukamkuta yule mdogo amekufa, mapezi yameraruka, na mkubwa ana jeraha ubavuni. Mnunuzi hakupata jozi yake, wala shemeji hakupata fedha aliyoitumaini kwa karo ya watoto. Hakunilaumu hata kidogo. Na huko kutonilaumu kuliniuma kuliko lawama.

Ndipo nikatafuta vitabu, nikaona ya kuwa mtoto alisema kweli. Wengi wa jamaa hii huanza maisha wakiwa majike, nao huwa na rangi mbili: ya kwanza, na ya mwisho, ambayo ni ya dume aliyekomaa. Hata wenye elimu wa zamani mara nyingine walimpa dume jina lake na jike jina lake, wakidhani ni samaki mbalimbali. Mwaka 1972 mtaalamu Robertson alieleza habari za samaki mdogo wa jamaa hii huko Australia, ambaye kazi yake ni kuwaondolea samaki wengine wadudu wa mwilini. Dume mmoja hutawala majike kadhaa. Dume akiondolewa, jike aliye mkubwa kupita wenzake huanza kutenda kama dume kwa muda wa saa chache, na baada ya majuma mawili hivi aweza kutoa mbegu za kiume.

Wala rangi peke yake haitoshi, maana katika aina nyingine wamo madume wenye rangi ya majike tangu mwanzo. Basi atakaye jozi, na atwae mmoja mkubwa wa rangi ya mwisho, na mwingine mdogo wa rangi ya kwanza. Wala asiweke kamwe madume wawili waliokomaa katika sanduku moja.

Nilirudi kwa shemeji, nikamwita mtoto mbele ya baba yake, nikamwambia, "Mwanangu, wewe ulisema kweli, na mimi nilikosa." Akanyamaza kitambo, kisha akauliza, "Mjomba, na hao wa vitabuni walijuaje?" Nikamjibu, "Waliingia majini wakatazama, kama wewe."