Kumsoma Mpigaji

Katika Kiswahili cha viwanjani mshindani husomwa. Husemwa kwamba kipa amemsoma mshambuliaji, au kwamba timu fulani ilikwisha kusomwa ndiyo maana ikafungwa. Ni rahisi kuichukulia maana hii kuwa tawi la ile ya vitabuni. Kwangu mimi ilitangulia: nilijaribu kuusoma mguu wa mtu kabla sijasoma shairi hata moja kwa makini, na kosa nililolifanya siku ile nimelirudia mara kadhaa katika uhakiki.

Nilikuwa kipa wa timu ya kijiji huko Ngumbo, kwenye mwambao wa Ziwa Nyasa, kaskazini ya Liuli. Enzi hizo sote tulikuwa Wilaya ya Mbinga. Wilaya ya Nyasa ilimegwa mwaka 2012. Tulikuwa tumefika fainali ya vijiji vya tarafa, na mchezo ulikuwa uchezwe kwetu. Jezi zetu zilinunuliwa kwa fedha za usipa, na kila aliyechangia alijihesabu kuwa na hisa katika goli langu.

Siku mbili kabla ya mchezo, mjomba wangu alinituma nitembee kandokando ya ziwa hadi kijiji cha wapinzani nikawatazame wakifanya mazoezi. "Mwangalie anayepiga penalti zao," aliniambia. "Wengine waache." Mjomba hakuwa mwanamichezo. Alikuwa mchezaji wa mganda, ile ngoma ya wanaume yenye mistari ya gwaride na malipenga ya vibuyu. Ranger, katika kitabu chake cha 1975 kuhusu beni, ameonyesha jinsi ushindani ulivyokuwa uti wa mgongo wa ngoma za jamii hii. Mjomba aliyajua hayo pasipo kitabu. Kundi geni likifika, wenzake walitazama mavazi; yeye alitazama mikono ya mpiga ngoma kubwa kabla haijagusa ngozi.

Basi nilimwangalia. Alikuwa mvuvi, mfupi, mwenye kusimama kama aliyemo mtumbwini: uzito wote nyuma, magoti yamelegea. Alirudi hatua nne, akatulia kidogo, akapiga kwa mguu wa kulia. Nilihesabu mipira tisa. Yote tisa ilikwenda upande wake wa kushoto, yaani kulia kwa kipa, chini kabisa.

Niliporudi mjomba alisikiliza yote, kisha akauliza jambo moja tu.

"Naye amekuona?"

"Ameniona, mjomba."

Hakusema zaidi. Swali lile lilininyima usingizi. Ikiwa ameniona, atabadili upande. Na ikiwa anajua kwamba nafikiri atabadili? Mhakiki aliyewahi kumshuku mtunzi kuwa anamtega ataielewa hali hii: maandishi yapo palepale, ila msomaji ameshaacha kuyatazama.

Nilimkumbuka mvuvi yule miaka mingi baadaye, Juni 30, 2006, Ujerumani ilipoitoa Argentina kwa penalti katika robo fainali ya Kombe la Dunia mjini Berlin. Kipa Jens Lehmann alikuwa na karatasi ndani ya soksi, yenye majina ya wapigaji na pande zao. Esteban Cambiasso alipokuja kupiga, Lehmann aliitazama tena karatasi, ingawa jina la Cambiasso halikuwamo. Akaudaka ule mpira. Hapo aliyesomwa hakuwa ameandikwa katika karatasi ile, lakini huenda aliamini ameandikwa.

Kwetu mambo yalikuwa kinyume. Usiku wa kuamkia fainali mvua ilinyesha, na asubuhi tulikuta dimbwi mbele ya goli, kandokando ya alama ya penalti. Vijana tulilifukia kwa mchanga wa ufukweni. Kipindi cha pili mwenzetu mmoja alishika mpira ndani ya eneo la hatari, na mvuvi akaja. Hatua nne, akatulia. Katika mita 11 mpira uliopigwa kwa nguvu hufika chini ya nusu sekunde. Kipa hana budi kuamua mapema. Niliruka kushoto. Mpira ulikwenda kulia, chini kabisa, kama ile tisa.

Tulifungwa bao hilo moja. Hakuna aliyenitukana, na hilo ndilo lililokuwa gumu. Mjomba alikaa barazani akishona wavu wake hadi giza likaingia.

Tulikutana tena na mvuvi yule melini, kwenye MV Songea iliyokuwa ikipita bandari za mwambao ule. Aliniita "Kipa!" kutoka upande wa pili wa sitaha. Baada ya kujuliana hali nilimwuliza kwa nini hakubadili upande, ilhali aliniona mazoezini.

"Nilikusudia kubadili, ndugu yangu," alisema. "Lakini kupiga upande ule kunataka mguu wa kushoto ukamate ardhi, nami ningeukanyagia penye mchanga ule mliomwaga. Ungetitia. Nikaogopa, nikapiga kule nilikozoea."

Mchanga ule niliubeba mimi mwenyewe, karai nne.